Askari Harudi Nyuma

Maneno niliyosema mbele ya wachezaji vijana wa sataranji na wazazi wao, Tanga, jioni ya kufunga mashindano ya siku mbili

Walimu wenzangu, wazazi mliokuja kuwachukua watoto mkakubali kukaa kidogo, na ninyi wachezaji ambao mmevumilia viti vigumu tangu jana asubuhi: assalaam alaykum, Bwana asifiwe, na wakubwa zangu wote shikamooni.

Nilikuwa nimeandaa maneno mengine. Nilitaka kuzungumza juu ya matumizi ya saa, maana nimeona wengi wenu mnapoteza michezo mliyokwisha kuishinda kwa sababu dakika zimewaishia. Lakini jana, baada ya kucheza na watoto kumi na wawili kwa mpigo, nusu ya mbao nikiwa na nyeupe na nusu nyeusi, binti mmoja wa kidato cha pili alinifuata mlangoni. Akaniuliza: mwalimu, mbona ulimtoa farasi wako ili nimfukuze? Nimemfukuza mara mbili, nikapata askari wanne katikati, halafu nikashindwa. Nimekosea wapi?

Nilimjibu kwa kifupi kwa sababu mama yake alikuwa anamsubiri, na lile jibu fupi lilinikera usiku kucha. Alichouliza ndicho kitu ninachokipenda kuliko vyote katika mchezo huu. Kwa hiyo karatasi zangu nimeziweka pembeni, na nitaomba kijana mmoja aje asimame hapa kwenye ubao wa ukutani anisogezee kete.

Kwa wazazi ambao sataranji wanaiona tu mezani kwa watoto wao, nianze na jambo moja. Ubao una miraba 64. Wenye kujua bao watanikumbusha kwamba bao nalo lina kete 64, na mimi hufurahi kila ninapoikumbuka sadfa hiyo. Lakini katika bao kete huzunguka. Ulizokula unazipanda upande wako, kesho mwenzako anazichukua, zinarudi. Katika sataranji pia karibu kila kete inaweza kurudi ilikotoka. Farasi anaruka mbele na kurudi. Malkia anavuka ubao mzima akiona mambo mabaya anarejea nyumbani. Askari peke yake harudi nyuma. Akipiga hatua, mraba aliouacha ameuacha kwa maisha yake yote. Na kwa kuwa anakula kwa mshazari, kila akisogea anaacha pia miraba aliyokuwa akiilinda, na hataweza kuilinda tena.

Shikeni hilo. Mengine yote nitakayosema yanatoka hapo.

Haya kijana, panga ubao. Wazazi, mistari ya kwenda mbele ina herufi a hadi h, na ya kukata ina namba 1 hadi 8, hesabu ikianzia kwa nyeupe. Mwenye nyeupe anaanza, askari wa mfalme anaruka hadi e4. Ndiyo hatua ya kwanza tuliyofundishwa karibu sote: njia ya malkia inafunguka, ya askofu inafunguka, katikati panashikwa. Wengi wenu mnajibu kwa kumweka askari wenu uso kwa uso naye, e5. Wengine c5. Ni majibu mazuri, sina ugomvi nayo. Mimi kwa zaidi ya miaka 20 namtoa farasi wa upande wa mfalme, anakaa f6. Anamtishia yule askari wa e4 waziwazi. Yuko katikati ya uwanja, peke yake, hana hata askari mmoja wa kumsindikiza.

Mwenye nyeupe afanye nini? Anamsogeza askari hadi e5, farasi inabidi akimbie. Anaenda d5. Anakuja askari mwingine, c4, farasi anakimbia tena, b6. Halafu d4. Hapo namsogeza askari wangu wa kwanza, hatua moja tu, d6. Na mwenye nyeupe, kwa kuwa damu imeshachemka, anaongeza f4.

Simama hapo kijana, usiguse. Watazameni.

Hatua tano za nyeupe, zote za askari. Wanne wamejipanga c4, d4, e5 na f4 kama ukuta wa ngome ya zamani. Mimi nina farasi pembeni na askari mmoja aliyepiga hatua moja. Mpita njia akichungulia hapa atasema mwenye nyeusi amekwisha. Binti yangu jana alipofika hapa alinitazama usoni, na niliona kabisa kwamba ananionea huruma.

Sasa tuhesabu alichokiacha. Askari wa e alipokuwa e4 alikuwa akilinda d5 na f5. Alipofika e5 miraba hiyo akaiaga, ndiyo maana baadaye askofu wangu atakaa f5 na huyu hatamfanya kitu. Askari wa c alipokwenda c4 aliiaga d4. Tazameni d4 vizuri, maana ndipo penye ugonjwa. Askari anayesimama d4 angeweza kulindwa na mwenzake wa c3 au wa e3. Wa c ameshapita. Wa e ameshapita. Hakuna askari hata mmoja atakayeweza kumlinda mpaka mchezo uishe. Kuanzia sasa kazi hiyo itafanywa na malkia, askofu na farasi. Wakubwa wamegeuzwa walinzi wa getini.

Na mimi ndipo ninapoanza. Askari wangu wa d6 anamla wa e5, wa f anamla wangu. Farasi wangu wa pili anatoka c6. Huyu anamtazama d4 na anamtazama e5 kwa wakati mmoja, na nyuma yake malkia wangu anaona mstari wote wa d hadi d4. Mwenye nyeupe akimtoa farasi wake f3 kulinda, askofu wangu anakwenda g4 na kumbana farasi huyo. Kwa hiyo wajuzi humweka askofu e3 kwanza. Namweka wangu f5, nafungua e6, askofu wa pili e7, mfalme wangu anajificha nyuma ya ngome, kisha namsogeza askari wa f hadi f6 na kuugonga ule ukuta ubavuni. Mfumo huu unaitwa Mashambulizi ya Askari Wanne, na mambo yanayotokea humo ndani yanaweza kutuweka hapa mpaka adhuhuri ya kesho.

Sisemi kwamba mwenye nyeupe ameshindwa. Lazima niwe mkweli kwenu. Akijua kazi yake ana nafasi kubwa ya kuzunguka, na programu za kompyuta zinampa upendeleo kidogo. Ninachosema ni kwamba amejitwisha mzigo. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na huyu amevua nguo zote katika hatua tano.

Kuna wanaomkimbiza farasi zaidi. Rudisha kete, kijana, turudi farasi alipo b6, askari wa nyeupe wako e5 na c4. Badala ya d4, anasogeza c5. Farasi anarudi d5, palepale alipofukuzwa. Watu huona kama nimepoteza muda, maana nimekwenda na kurudi. Lakini nani sasa atamfukuza kutoka d5? Askari wa c ndiye aliyemfukuza mara ya kwanza, naye amempita. Askari wa e amempita pia. Farasi amekaa katikati ya ubao, na wale waliotumwa kumtoa wamefunga mlango wakiwa upande wa pili. Mara ya kwanza nilipoliona jambo hili nilikuwa na miaka kumi na sita, na niliinuka mezani nikatembea nje kidogo kwa furaha.

Lakini si kila uchokozi ni akili. Askari alipokuja e5 mara ya kwanza, farasi alikuwa na njia kadhaa. Nimeona mtoto mmoja leo asubuhi akimpeleka e4, mbele zaidi, kwa ujasiri. Mwenye nyeupe anasogeza d4 tu, bila haraka, na anangoja kusogeza f3. Mhesabieni farasi huyo njia za kutoka. Mbele kote ni mikononi mwa adui. C5 inalindwa na askari wa d4. D6 na f6 zinalindwa na askari wa e5. G5 inalindwa na askofu ambaye hata hajatoka nyumbani. Farasi amekufa akiwa hai. Kati ya d5 na e4 ni mraba mmoja tu wa mshazari, na ndani ya mraba huo mna tofauti yote kati ya mtu anayemwita mwenzake mbele akijua kwa nini, na mtu anayemrukia tu.

Na hata ukienda mraba sahihi, ukishamchokoza mtu huna ruhusa ya kulala. Nilijifunza hili kwa maumivu, katika mashindano yangu ya pili ya watu wazima. Nilicheza farasi f6, mwenzangu akaja na askari wake wote wanne, nami nikafurahi mno. Nikajiambia ukuta huu utaanguka wenyewe. Nikapanga kete zangu polepole, moja baada ya nyingine, nikasogeza askari wa h hatua moja ili kujihakikishia usalama ambao haukuwa umetishiwa na mtu. Yeye akatoa farasi wawili, maaskofu wawili, akamficha mfalme. Alipomaliza, kila askari wake alikuwa na mtu nyuma yake. Kisha d5 ikaja, na baada yake e6, na nyumba yangu ikagawanyika vipande viwili visivyoweza kusaidiana. Sikuwahi kuugusa ule ukuta. Ule mraba wa d4 unauma kwa hatua nne au tano tu, kabla walinzi hawajafika. Ukiuacha upoe, umempa mwenzako ardhi bure.

Ufunguzi huu, yaani njia hii ya kuanza mchezo, una jina la mtu, Alexander Alekhine, mzaliwa wa Moscow, 1892. Zama hizo mafundisho makuu yalikuwa ya watu kama Siegbert Tarrasch wa Ujerumani: weka askari katikati, toa kete kwa utaratibu, usicheze kete moja mara mbili. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza wakatokea vijana waliouliza kama katikati haiwezi kutawaliwa kutoka mbali. Richard Réti, Aron Nimzowitsch, Gyula Breyer. Alekhine aliondoka Urusi mwaka 1921, na mwaka huohuo akashinda mashindano matatu, Triberg, Budapest na The Hague. Budapest ndipo alipomtoa farasi f6 dhidi ya Endre Steiner. Askari akaja e5, farasi akaenda d5. Na farasi huyo aliyefukuzwa ndiye aliyeingia mpaka c2 katika hatua ya tisa na kumla askari, na Alekhine akashinda. Miaka sita baadaye alimshinda Capablanca, bingwa wa wakati huo, kule Buenos Aires akawa bingwa wa dunia. Huko hakuutegemea ufunguzi huu, na sidhani kama kuna aibu yoyote katika hilo. Mtu anaweza kuvumbua dawa asiyoinywa kila siku.

Mchezo ninaotaka mwende nao nyumbani ni mwingine. Reykjavik, Aislandi, 1972, Boris Spassky bingwa wa dunia dhidi ya Bobby Fischer wa Marekani. Fischer alipoteza mchezo wa kwanza, wa pili hakutokea kabisa akahesabiwa ameshindwa. Kufikia mchezo wa kumi na tatu alikuwa ameshapanda, anaongoza. Angeweza kucheza kwa kujihami. Spassky akasogeza e4, Fischer akamtoa farasi f6.

Spassky hakuleta askari wanne. Alikuwa mtu mwenye busara; akamsogeza e5, kisha d4, kisha akatoa farasi. Fischer akaweka askofu wake pembeni, g7, akitazama katikati kwa mbali. Farasi aliyefukuzwa alikuwa amekaa b6, kimya. Halafu Fischer akasogeza askari wa a hadi a5, akitishia kumsumbua askofu wa nyeupe aliyekuwa b3. Spassky akajibu kwa askari wake, a4. Hatua ya kawaida kabisa, hata mimi ningeicheza. Lakini askari harudi nyuma. Katika hatua ya kumi na tatu farasi wa b6, yule wa kufukuzwa, akamla askari wa a4. Askofu akamla farasi, farasi wa pili akamla askofu. Nyeusi wamepata askari mmoja wa bure, na njia ya mstari wa a imefunguka kwa askari wa Fischer.

Sasa mfuateni askari huyo. Alikwenda a4. Baadaye a3. Katika hatua ya 39 alifika a2, mraba mmoja kabla ya kuwa malkia, na kete za Spassky zikabaki zinamwangalia yeye. Na mwishoni kabisa likatokea jambo ambalo sijaliona kwingine. Spassky alipeleka askari wake hadi g7, askofu akasimama f8, na ngome ya Fischer, ile kete yenye umbo la mnara, ikafungiwa g8, haina pa kwenda. Ngome nzima, gerezani. Fischer aliiacha humo. Akamchukua mfalme wake mwenyewe, akatembea naye hatua kwa hatua kuelekea upande wa adui, akiwasindikiza askari waliobaki, mpaka katika hatua ya 74 Spassky akakubali. Matokeo ya jumla mpaka hapo yakawa 8 kwa 5, Fischer mbele.

Nimeucheza mchezo huo mezani kwangu mara nyingi mno, na kila mara nikifika pale ngome inapofungwa huwa natulia kidogo. Kule juu kuna askari wa nyeupe aliyekwenda mbele mpaka karibu na umalkia. Amefika g7, anahitaji hatua moja tu. Hawezi kuipiga na hawezi kurudi.

Nitaje na mmoja zaidi kwa haraka, kwa sababu vijana wa siku hizi wanamjua kupitia simu zao na wanamwiga vibaya. Skara, Sweden, 1980, Mwingereza Anthony Miles alikaa mbele ya Anatoly Karpov, bingwa wa dunia wakati huo. E4. Miles akajibu kwa kumsogeza askari wa pembeni kabisa hatua moja, a6. Kisha b5. Akashinda. Wanaomwiga hudhani alikuwa anamdharau bingwa. Soma mchezo wenyewe hatua zote 46: askofu wake amekaa b7 akitazama katikati, anapigania c5 mapema, anakula askari mmoja, halafu anafinya kwa uvumilivu mkubwa mpaka mwisho. Ukitaka kucheza a6 kwa ajili ya kumcheka aliyekaa mbele yako, nakuomba usiicheze.

Na je, asipochokozeka?

Mombasa nilicheza na mzee mmoja, fundi wa saa, macho yake madogo nyuma ya miwani minene. Alicheza e4, nikamtoa farasi. Akamtazama farasi kwa muda mrefu, akanitazama mimi, kisha akamtoa farasi wake c3 kumlinda askari. Basi. Akaagiza kahawa. Hakukuwa na wa kunikimbiza, hakukuwa na ukuta wa kugonga. Nilisogeza e5 nikajikuta katika mchezo wa kawaida kabisa, ule niliokuwa nimeukwepa kwa miaka mingi kwa kuamini kwamba kila mtu atakubali wito wangu. Tulitoka sare baada ya saa tatu na nilifurahi kuipata. Wengine watamsogeza e5 na d4, halafu badala ya kuongeza askari watamla wangu wa d6 na kutulia na faida yao ndogo. Hao ni wagumu kuliko wenye askari wanne. Kwa hiyo mnaotaka kucheza hivi, jifunzeni kwanza e5 dhidi ya e4, mchezo wa wazi, kama mzee yule alivyoujua. Farasi wa f6 hawezi kuwa mahali pa kujificha.

Nimjibu sasa mwenye swali lake, maana yuko safu ya pili hapo na ameandika kila kitu. Binti yangu, ulikosea hatua moja. Askari wako wanne hawakuwa kosa. Ulikuwa na haki ya kuwaleta. Farasi wangu alipofika c6, ulisogeza g4. Askari wa tano. Ulikuwa unaona farasi na maaskofu wangu wanakimbia, ukataka na wengine wakimbie. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Hapo ndipo ulipohitaji askofu e3, kazi ya mlinzi wa getini, isiyo na sifa yoyote. D4 ikaanguka hatua mbili baadaye, na baada ya hapo e5 haikuwa na wa kuishika.

Lakini hujamaliza nami. Kijana, panga kete upya, nyeupe upande wa huyu dada. Wazazi mnaruhusiwa kukaa, mnaruhusiwa kwenda, ila mama yake naomba atuvumilie nusu saa. Mimi nachukua nyeusi. Cheza e4, nami nitamtoa farasi palepale f6, halafu tuone utanijibu nini.